Bi Cecilia Payne: Binti Aliyetambua Nyota Zimeumbwa na Nini

Mtu wa Pwani akifika Kebirigo kwa mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili: baridi na nyota. Kebirigo ni soko dogo katika vilima vya Nyamira, nchi ya majani chai na migomba, kusini kidogo tu ya mstari wa Ikweta. Kwa kuwa pako karibu mno na Ikweta, aliyeketi pale huziona nyota za kaskazini na za kusini kwa pamoja, jambo ambalo watu wengi wa Ulaya hawalipati maishani mwao.

Nilikuwa mgeni huko usiku mmoja wa Februari. Umeme ulikuwa umekatika na mwezi haukuwapo. Tuliketi uani na mwenyeji wangu na jamaa zake, kila mtu kajifunika shuka. Upande wa kusini ikang'aa Suheli, nyota ile ile iliyowaongoza manahodha wetu baharini. Upande wa kaskazini-magharibi kilikuwapo Kilimia. Basi binti wa mwenyeji wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, akauliza: hizi nyota zimeumbwa na kitu gani? Babu yake akamnyamazisha kwa upole, ati mgeni amechoka, asisumbuliwe kwa maswali. Nami, niseme kweli, nilifurahi aliponyamazishwa, maana jawabu kamili sikuwa nalo.

Makala haya ni deni langu kwa binti yule. Jawabu la swali lake lilipatikana mwaka 1925. Aliyelipata alikuwa mwanamke ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 25, naye pia alinyamazishwa. Jina lake Cecilia Payne.

KUZALIWA NA MALEZI

Bi Cecilia alizaliwa tarehe 10 Mei, 1900, katika mji mdogo wa Wendover, Uingereza. Baba yake, Edward Payne, alikuwa mwanasheria aliyependa kuandika historia na kupiga muziki. Alifariki dunia Cecilia akiwa na umri wa miaka minne tu, akamwachia mkewe watoto watatu. Mama huyo mjane ndiye aliyewalea na kuwasomesha.

Alipokuwa msichana alisoma London katika shule ya wasichana ya St Paul's. Mwalimu wake wa muziki pale alikuwa Gustav Holst, ambaye sifa yake kubwa duniani ni utungo wake wa muziki juu ya sayari. Holst alimwona binti huyu ana kipaji, akamshauri afuate njia ya muziki. Lakini moyo wa Cecilia ulikuwa kwenye sayansi. Mwaka 1919 alipata msaada wa masomo wa kumwingiza katika chuo cha Newnham, Cambridge. Huko alianza kusoma elimu ya mimea, fizikia na kemia, na bado hakujua ni ipi atakayoshikamana nayo.

KIVULI KILICHOPITA AFRIKA

Kilichomwamulia ni kupatwa kwa jua, na yafaa msomaji wa Afrika Mashariki akijue kisa hiki, kwani kivuli chenyewe kilipita kwetu.

Tarehe 29 Mei, 1919, jua lilipatwa lote. Kivuli cha mwezi kilianzia Amerika ya Kusini, kikavuka bahari ya Atlantiki, kikapita juu ya kisiwa cha Principe karibu na Afrika Magharibi, kisha kikaikata Kongo. Jioni, jua likikaribia kutua, kiliwafikia watu wa kusini ya nchi ambayo leo ni Tanzania na wa kaskazini ya Msumbiji. Sisi tunajua Muislamu afanyavyo saa kama hiyo: huisali Swala ya Kusufu, akakumbuka kwamba jua na mwezi ni ishara tu, wala havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu.

Wakati huo huo, kisiwani Principe, bwana mmoja wa Cambridge aitwaye Arthur Eddington alikuwa akipiga picha za nyota zilizoonekana kando ya jua lililofunikwa. Alitaka kujua kama nuru ya nyota hupinda inapopita karibu na jua, kama alivyokwisha kukadiria Albert Einstein. Picha zake, pamoja na zile zilizopigwa na wenzake nchini Brazil, zilionyesha kwamba ndivyo.

Eddington aliporudi Cambridge alitoa mhadhara juu ya safari hiyo. Tikiti zilikuwa chache. Rafiki mmoja wa Cecilia alikuwa nayo lakini hakuweza kwenda, akampa yeye. Kwa tikiti hiyo ya kupewa, maisha yake yaligeuka. Aliporudi chumbani aliuandika mhadhara wote kutoka kichwani, neno kwa neno, na kwa siku tatu usingizi ukamkimbia. Tangu hapo aliweka mimea kando akazishika fizikia na nyota.

Haikuwa njia laini. Katika darasa la Ernest Rutherford, mwanasayansi mashuhuri wa atomu, Cecilia alikuwa mwanamke peke yake, na kwa kanuni za siku zile alilazimika kukaa mstari wa mbele, mbali na wanaume. Mwalimu alipoingia aliamkia darasa kwa kumtazama yeye kwa namna ya dhihaka, na vijana wote nyuma wakacheka na kupiga miguu sakafuni. Alivumilia. Alimaliza masomo yake yote, lakini shahada hakupewa, kwa sababu Cambridge haikuwapa wanawake shahada hata mwaka 1948. Uingereza ya siku hizo haikuwa na kazi ya kumpa mwanamke kama yeye ila ualimu wa shule.

KUVUKA BAHARI

Basi mwaka 1923 alipanda meli kwenda Marekani. Harlow Shapley, mkuu wa kituo cha kuangalia nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard, alikubali kumpokea kwa msaada mdogo wa fedha uliotengwa kwa wanawake.

Harvard palikuwa na hazina ambayo haikuwako mahali pengine duniani. Kwa miaka mingi darubini zao, nyingine zikiwa Peru ili kuziona nyota za kusini, zilikuwa zikipiga picha za anga juu ya vipande vya kioo. Vioo hivyo vilikuwa mamia ya maelfu, vimepangwa kwenye makabati kama vitabu vya maktaba. Waliovichambua walikuwa wanawake, kwa malipo madogo. Mmoja wao, Annie Jump Cannon, aliyekuwa hasikii vizuri, alizigawa kwa mafungu nyota zipatazo laki tatu na nusu kwa kuitazama nuru yao. Kazi ya Bi Cannon ilikuwa kuzipanga nyota. Hakuna aliyekuwa amesema kwa hakika mpango ule una maana gani. Cecilia akajitwika mzigo huo.

NURU INA MAANDISHI

Hapa inatubidi tusimame kidogo, mpenzi msomaji, tuone nyota iliyo mbali kiasi kile inawezaje kuchunguzwa.

Nuru ya jua ikipita katika kioo cha pembe tatu hufunguka ikawa rangi nyingi, kama upinde wa mvua. Ukiutazama upinde huo kwa makini sana utaona umekatwakatwa na mistari myembamba myeusi. Kila elementi, iwe chuma, chokaa au haidrojeni, ina mistari yake yenyewe ambayo haifanani na ya nyingine, kama vile alama ya kidole gumba cha mtu isivyofanana na ya mwenziwe. Kwa hiyo nuru ya nyota hutufikia ikiwa na sahihi za vitu vilivyomo ndani ya nyota hiyo.

Wataalamu wa siku hizo walipoisoma nuru ya jua waliona sahihi nyingi za chuma na metali nyingine. Wakasema: kumbe jua limeumbwa kwa vitu vile vile vilivyoumba ardhi yetu, na kwa vipimo vile vile, ila tu lina moto mkali. Kauli hii ilikubaliwa karibu na kila mtu.

Lakini mwaka 1920 mwanasayansi kijana wa Bara Hindi, Meghnad Saha, mtoto wa mwenye duka dogo katika kijiji kilichoko pande za Dhaka, alitoa hesabu mpya. Alionyesha kwamba nguvu ya mstari haitegemei wingi wa kitu peke yake, bali hutegemea joto pia. Atomu ikipata joto kali hupoteza elektroni zake, na ikipoteza elektroni, mistari yake hubadilika au hutoweka. Basi kitu chaweza kuwapo kwa wingi na sahihi yake ikawa hafifu. Na kitu kingine chaweza kuwa kichache mno, na sahihi yake ikapiga kelele.

Mfano wake tunao nyumbani. Ingia nyumba inayopikwa pilau. Pua yako itakuambia iliki, bizari, mdalasini na karafuu. Lau ungehukumu kwa harufu ungesema sufuria imejaa viungo. Lakini kinachojaza sinia ni mchele, ambao harufu yake huisikii. Wataalamu walikuwa wamehukumu kwa harufu. Cecilia Payne alichukua hesabu za Saha akaenda kupima mchele.

Alifanya kazi karibu miaka miwili juu ya vioo vile, mara nyingi usiku na mchana, akiwa amechoka na kukata tamaa mara kwa mara. Matokeo yake yalikuwa haya. Metali nyingi katika nyota zilikuwa na uwiano unaokaribiana na wa ardhini, kama walivyodhani wengine. Lakini heliamu ilikuwa nyingi kupita kiasi, na haidrojeni ikawazidi wote: kwa hesabu zake, ilizizidi metali kiasi cha mara milioni moja. Maana yake ni kwamba nyota hazikuumbwa kama ardhi hata kidogo. Nyota ni haidrojeni na heliamu, elementi mbili nyepesi kuliko zote, na vyuma vyote vilivyomo ni viungo tu katika pilau.

NENO LA MKUBWA

Shapley alipeleka kazi hiyo kwa Henry Norris Russell wa Chuo Kikuu cha Princeton. Russell ndiye aliyekuwa shekhe wa elimu ya nyota Marekani nzima, na Shapley mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Kijana akisifiwa na Russell alipata kazi, na akikataliwa naye mlango ulifungwa. Mwezi Januari 1925 Russell akamwandikia Cecilia kwamba kazi yake ni nzuri, lakini hilo la haidrojeni haliwezekani kabisa.

Hebu mfikirie binti huyu. Yuko ugenini, hana baba, hana mali, hana cheo, na fedha za msaada zinakaribia kwisha. Hesabu zake anazijua na amezirudia. Mbele yake yuko mkubwa wa wakubwa anamwambia amekosea. Afanyeje?

Aliinama. Katika kitabu alichokitoa mwaka huo huo aliacha namba zake zote mahali pake, lakini akaongeza maneno kwamba wingi ule wa haidrojeni na heliamu karibu bila shaka si wa kweli. Alikuwa shahidi aliyeona, akaandika alichokiona, kisha kwa mkono wake mwenyewe akaukana ushahidi wake.

Alipata digrii ya udaktari mwaka huo wa 1925, ya kwanza ya elimu ya nyota kutolewa kwa kazi iliyofanywa pale Harvard, ingawa iliandikwa kwa jina la chuo cha wanawake cha Radcliffe. Miaka mingi baadaye Otto Struve, mtaalamu mkubwa wa nyota, aliitaja kuwa ni kazi bora kuliko zote za udaktari zilizowahi kuandikwa katika fani hiyo.

Ukweli ukidhihiri uongo hujitenga. Mnamo 1929 Russell, akitumia njia nyingine, alifika pale pale: jua ni haidrojeni tupu ukilinganisha na vinginevyo. Aliandika hivyo, na kwa insafu alimtaja Bi Payne na kusema kwamba matokeo yao yanakubaliana. Lakini dunia ina tabia yake. Kwa muda mrefu watu waliuhesabu ugunduzi kuwa wa Russell, maana walimwamini.

Si haki kumfanya Russell mtu mbaya. Alikataa kwa sababu kila alichokijua kilikataa, na alipoona dalili alirudi nyuma hadharani. Hata Cecilia mwenyewe uzeeni hakumlaumu yeye. Alijilaumu nafsi yake, kwamba alilitii neno la mkubwa hali akijua kuwa haki iko kwake, na akawaonya vijana wasifanye hivyo wakiwa na hakika ya dalili zao.

MIAKA YA SUBIRA

Baada ya hapo Bi Cecilia alibaki Harvard maisha yake yote. Alifundisha na kusimamia wanafunzi, lakini kwenye daftari la mishahara aliandikwa kuwa msaidizi wa Shapley, na alilipwa kwa kiasi hicho. Masomo aliyoyafundisha hayakutajwa katika orodha ya masomo ya chuo hadi mwaka 1945. Cheo rasmi cha mwanafalaki alikipata mwaka 1938, miaka 13 baada ya kitabu chake.

Mwaka 1931 alichukua uraia wa Marekani. Mwaka 1933 alisafiri Ulaya, na katika mkutano wa wanafalaki mjini Göttingen, Ujerumani, akakutana na Sergei Gaposchkin, Mrusi aliyeikimbia nchi yake na ambaye sasa alikuwa hatarini chini ya utawala wa Hitler. Cecilia alimhangaikia mpaka akapatiwa ruhusa ya kuingia Marekani na kazi pale pale Harvard. Mwaka 1934 wakaoana. Walijaliwa watoto watatu, na watoto hao walikulia katika kituo cha nyota, mama akiwachukua kazini.

Mume na mke walifanya kazi pamoja juu ya nyota ambazo nuru yake hupanda na kushuka. Wao na wasaidizi wao walipima nuru za nyota hizo zaidi ya mara milioni moja, kisha wakaongeza milioni mbili nyingine kwa nyota za Mawingu ya Magellan. Mawingu hayo ni makundi mawili makubwa ya nyota yaliyo nje ya Njia ya Maziwa, na huonekana kusini kama vipande vya pamba. Aliyeketi Kebirigo Februari usiku usio na mwezi ataliona lile kubwa kwa macho yake, chini ya Suheli. Mtu wa Ulaya hawezi kuliona asipofunga safari.

Hatimaye, mwaka 1956, Harvard ilimpa uprofesa kamili. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupandishwa daraja hiyo kutoka ndani ya kitivo chake, na mara akafanywa mkuu wa idara ya elimu ya nyota, mwanamke wa kwanza kuongoza idara katika chuo hicho. Miaka 31 ilikuwa imepita tangu alipoandika ule ukweli na kuukana.

NYOTA KONGWE NA MWANZO WA ULIMWENGU

Je, yote haya yana faida gani? Faida yake ni kubwa kuliko alivyodhani Cecilia mwenyewe, kwani mlango alioufungua unatupeleka mpaka mwanzo wa ulimwengu.

Ikiwa nyota zote ni haidrojeni na heliamu, swali la pili ni hili: zimetoka wapi? Mwaka 1948 Ralph Alpher na mwalimu wake George Gamow walipiga hesabu ya ulimwengu ulioanza ukiwa na joto lisilo na kifani na kutanuka haraka. Hesabu hizo, zilivyokuja kusahihishwa na wengine, zinasema kwamba katika dakika chache za kwanza ulimwengu wote ulikuwa kama tanuru. Haidrojeni ilianza kupikwa ikawa heliamu. Lakini ulimwengu ulikuwa ukitanuka na kupoa, na moto ukazimika kabla chungu hakijaiva. Kilichobaki kilikuwa, kwa uzito, takriban robo tatu haidrojeni na robo moja heliamu, na chembe chache mno za lithiamu, ile ile inayotumika katika betri za simu. Chuma, dhahabu na chokaa havikuwapo kabisa.

Mwaka 1957 Margaret Burbidge, mumewe Geoffrey, William Fowler na Fred Hoyle walieleza kwamba elementi nzito hupikwa baadaye, ndani ya nyota zenyewe. Nyota zikifa huzitapanya elementi hizo angani, na nyota zinazofuata huzaliwa na viungo zaidi. Chuma cha jembe na chuma kilichomo damuni mwetu kilipikwa nyotani kabla ardhi haijakuwapo.

Basi anayetaka kujua ulimwengu ulikuwaje mwanzoni na azitafute nyota kongwe, zile zilizozaliwa kabla ya viungo kuongezwa. Wanavyuoni wetu wanapopokea habari ya kale huuliza imepitia mikono mingapi. Kadiri wapokezi wanavyokuwa wachache, ndivyo habari inavyotarajiwa kuwa safi. Nyota kongwe ni mpokezi wa namna hiyo: alichopewa mwanzo, karibu kimebaki vile vile.

Nyota kama hizo zipo, na nyingine ziko jirani. Mwaka 1951 Joseph Chamberlain na Lawrence Aller walichunguza nyota mbili wakakuta metali zake ni chache ajabu. Moja yao iko katika buruji ya Mizani, yapata miaka 200 ya mwendo wa nuru kutoka kwetu. Haionekani kwa macho matupu, lakini darubini ndogo inatosha, nayo hupita juu ya Kebirigo kama inavyopita juu ya Lamu. Chuma chake hakifiki sehemu moja kwa 200 ya kile cha jua letu. Ni miongoni mwa nyota kongwe zinazojulikana, na umri wake unakaribia ule wa ulimwengu wenyewe, ambao hukadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8.

Mwaka 1982 wanafalaki wawili wa Ufaransa, Monique Spite na mumewe François, walipima lithiamu katika nyota kongwe za aina hiyo. Wakakuta jambo la ajabu: zote zina takriban kiasi kimoja, kana kwamba zimechota kisima kimoja. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, kama atomu moja ya lithiamu kwa atomu bilioni sita za haidrojeni. Wengi walisema, hii ndiyo lithiamu ya zile dakika za kwanza.

Lakini ukweli haujakamilika. Hesabu za leo zinasema lithiamu ingepaswa kuwa kiasi cha mara tatu ya ile inayoonekana. Heliamu inakubaliana na hesabu, na haidrojeni nzito pia, lakini lithiamu inakataa. Wako wanaosema nyota zenyewe zimeila lithiamu yao polepole kwa miaka mingi. Wako wanaoshuku kwamba ujuzi wetu wa mwanzo wa ulimwengu una pengo. Ubishi huo haujaisha. Na katika ubishi kama huu, kisa cha mwaka 1925 ni ukumbusho kwa kila mkubwa: namba isiyotaka kuingia katika kauli iliyokubaliwa haifai kufukuzwa haraka.

MWISHO WAKE

Bi Cecilia alistaafu mwaka 1966. Mwaka 1976 Jumuiya ya Wanafalaki wa Marekani ilimpa heshima yake kubwa kuliko zote. Ajabu ya Mungu, heshima hiyo inaitwa kwa jina la Henry Norris Russell, yule yule aliyemwambia haiwezekani. Aliipokea, akatoa mhadhara wake kama desturi inavyotaka.

Alifariki dunia tarehe 7 Desemba, 1979, mjini Cambridge, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 79. Leo kila mtoto wa shule anayeambiwa kwamba jua ni mpira wa haidrojeni na heliamu anasomeshwa alichokigundua Cecilia Payne, ingawa vitabu vingi havimtaji.

Sisi watu wa Pwani tumelelewa katika adabu, na adabu ni mali. Mdogo hamkatizi mkubwa, na mwanafunzi hamtangulii mwalimu wake. Maisha ya Bi Cecilia hayatufundishi kuitupa adabu hiyo, maana yeye mwenyewe alikuwa mtu wa heshima hadi kufa. Yanatufundisha kwamba ushahidi ni amana. Aliyeona ameona, na umri wake, jinsi yake au udogo wa cheo chake haupunguzi alichokiona. Mkubwa mwenye hekima husikiliza kwanza, kisha akapima.

Dini yetu inatuita mara kwa mara tuzitazame mbingu na tutafakari. Mababu zetu waliitika: waliijua Suheli, waliijua Mizani na buruji zote kumi na mbili, wakahesabu kwazo misimu ya kusi na kaskazi. Hayo si mambo ya wapiga ramli wanaouza bahati za watu. Ni kusoma, na kusoma hakuna mwisho.

Kwa hiyo, binti yangu wa Kebirigo, jawabu la swali lako ni hili. Nyota zimeumbwa na haidrojeni na heliamu, pamoja na viungo kidogo. Kadiri zinavyokuwa kongwe ndivyo viungo vinavyokuwa vichache, na kwa zile kongwe kabisa tunapata habari za ulimwengu ulipokuwa na dakika chache tu. Aliyelijua hilo kwanza alikuwa msichana aliyeuliza kama wewe. Usiku ule nilifurahi uliponyamazishwa, nawe uniwie radhi. Umeme ukikatika tena, uliza.